Mwongozo Kamili wa Kuendesha Vipindi vya Mafunzo ya Mbwa wa Nyumbani

Wengi wanaoanza kumfundisha mbwa huuliza kwanza wamfundishe amri gani: akae, alale, au aje anapoitwa. Swali hilo ni la haki, lakini lipo jingine linalolitangulia, nalo ni jinsi kipindi chenyewe kitakavyoendeshwa, kwa sababu kila amri, iwe nyepesi au ngumu, hufundishwa ndani ya dakika chache ambazo mwenye mbwa ama amezipanga ama ameziacha zijiendee. Kwa maoni yangu, mbwa wengi wanaoitwa wakaidi hawana ukaidi wowote. Wamefundishwa katika vipindi virefu kupita kiasi, mahali penye vurugu, na mtu ambaye hakuwa ameamua mapema ni tendo gani hasa atalituza. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa kipindi kifupi, kukiendesha, na kukifunga wakati mbwa bado ana hamu ya kuendelea.

Umri si kikwazo. Ni kweli kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba mtoto wa mbwa aliye kati ya wiki 3 na takriban wiki 14 huzoea watu, sauti na mazingira mapya kwa wepesi ambao hautarudi tena maishani mwake. Lakini kuzoea dunia ni jambo moja na kujifunza amri ni jingine. Mbwa mwenye miaka 7 au 8 hujifunza amri mpya vizuri kabisa, na mara nyingi huweza kutulia kwa muda mrefu kuliko mtoto wa mbwa ambaye kila jani linalopeperuka humwita.

Namna mbwa anavyojifunza

Kuna mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja katika kila kipindi, na mwalimu anayelifahamu moja tu atashangazwa na jingine. La kwanza ni kwamba mbwa hurudia tendo lililomletea kitu kizuri na kuacha tendo lisilomletea chochote. Kanuni hii ilielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, zaidi ya miaka 100 iliyopita. La pili ni lile lililomfanya Ivan Pavlov wa Urusi ajulikane duniani kote. Akiwa anachunguza mmeng'enyo wa chakula, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904, Pavlov aliona kwamba mbwa wake walianza kutokwa na mate hata kabla chakula hakijafika kinywani, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzizoea dalili zilizotangulia chakula hicho. Mbwa huunganisha vitu vinavyofuatana, na huviunganisha bila kuamua.

Maana yake kwa mwenye mbwa ni hii: wakati unamfundisha kukaa, yeye pia anajifunza jinsi ya kujisikia anapouona mkono wako, anapolisikia jina lake, na anapoingia katika chumba kile. Ukimkemea au kumvuta shingoni kwa nguvu, huenda akakaa, lakini pamoja na kukaa atajifunza kwamba kuwa karibu nawe kuna hatari. Hofu hiyo haionekani siku hiyo hiyo. Huonekana baadaye, mbwa anapoitwa akasita, au anapoona mkono ukinyanyuka akajikunyata. Utafiti uliofanywa Ureno na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha mbwa waliofundishwa kwa zawadi na wale waliofundishwa kwa njia za kuumiza na kutisha. Kundi la pili lilionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na kiwango chao cha kotisoli, homoni inayoongezeka mwili unapokuwa katika msongo, kilipanda zaidi baada ya mafunzo. Wales ilipiga marufuku mikanda ya shingoni inayopiga umeme mwaka 2010, na nchi nyingine kadhaa za Ulaya zina sheria kama hiyo. Nasema wazi kwamba kifaa cha namna hiyo hakina nafasi katika mwongozo huu.

Maandalizi kabla ya kumwita mbwa

Amua jambo moja tu utakalolifundisha, na ulieleze kwa tendo linaloonekana kwa macho. "Awe mtulivu" si lengo, kwa sababu hakuna sekunde ambayo utajua kwamba limetimia. "Viwiko vyote viwili viguse sakafu" ni lengo. Andika lengo hilo kwenye daftari dogo kabla ya kuanza. Tabia hii ndogo huokoa muda mwingi, kwa kuwa mwalimu anayejua anachokisubiri hukiona mara kinapotokea.

Chakula cha zawadi kinastahili kufikiriwa kwa makini. Kila kipande kiwe na ukubwa wa punje ya njegere au pungufu yake, kiwe laini, na kimezwe kwa sekunde moja au mbili, kwa maana mbwa anayetafuna kitu kigumu kwa nusu dakika husahau alichofanya ili akipate. Andaa vipande 20 hadi 30 kabla ya kuanza. Kwa siku nzima, vitafunio vyote visizidi asilimia 10 hivi ya chakula anachohitaji, na njia rahisi ya kuzingatia kiwango hicho ni kutenga sehemu ya mlo wake wa kawaida na kuitumia katika mafunzo. Usimpe kamwe chokoleti, zabibu mbichi wala kavu, kitunguu maji, kitunguu saumu, njugu za makadamia, au kitu chochote kilichotiwa utamu wa zailitoli, ambao hupatikana katika baadhi ya bazoka na hata katika siagi fulani za karanga. Vyote hivyo ni sumu kwa mbwa, na zailitoli inaweza kuishusha sukari ya damu yake kwa kasi ya kutisha.

Zawadi zina madaraja. Chakula chake cha kila siku hutosha katika chumba tulivu; nje, penye harufu na wapita njia, kitu chenye thamani kubwa zaidi, kama vile nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi wala viungo, ndicho kitakachoshindana na mazingira. Na si kila mbwa hupenda chakula kuliko vyote. Wako wanaotaka mpira, wako wanaotaka kuvutana nawe kamba, na wako ambao ruhusa ya kwenda kunusa kichaka ni zawadi inayoshinda nyama. Anayechagua ni mbwa. Kumpigapiga kichwani, jambo ambalo watu hulidhania kuwa zawadi kubwa, mbwa wengi hulivumilia tu. Mtazame akiinamisha kichwa na kujiondoa chini ya mkono, utaelewa.

Mbwa anapaswa kuwa na njaa kidogo, lakini asiwe mwenye njaa kali, na awe amekwisha kujisaidia. Usimfundishe mazoezi ya kukimbia au kuruka mara tu baada ya mlo mkubwa, hasa kama ni wa aina yenye kifua kirefu, kwa sababu ya hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Epuka jua kali. Mbwa hutoa jasho kidogo tu kupitia nyayo zake, na hutegemea zaidi kuhema ili kujipoza, hivyo huzidiwa na joto haraka kuliko sisi, na mbwa wenye pua fupi huzidiwa upesi zaidi. Ukitaka kujua kama ardhi ni ya moto mno kwa nyayo zake, weka upande wa nyuma wa kiganja chako juu yake. Ukishindwa kustahimili kwa sekunde 7, ahirisha.

Mahali pa kuanzia ni chumba alichokizoea, chenye nafasi ya kutosha na sakafu isiyoteleza, bila mbwa wengine, bila watoto wanaokimbia na bila televisheni. Zima simu. Jambo hili linaonekana dogo, ila mwalimu anayekatizwa mara tatu ndani ya dakika tano amempotezea mbwa wake dakika zote tano.

Neno la kuthibitisha

Kabla ya amri yoyote, mfundishe mbwa neno moja fupi litakalomwambia kwamba tendo alilofanya sekunde hiyo hiyo ndilo lililomletea zawadi. Wengine hutumia kifaa kidogo kinachotoa mlio mkali kikibonyezwa, mimi naona neno "Safi!" linatosha kwa mbwa wa nyumbani, mradi litamkwe kwa sauti ile ile kila mara na lisitumike ovyo katika mazungumzo mengine naye. Keti naye, sema "Safi!", kisha mpe kipande. Rudia mara 10 hadi 15, bila kumtaka afanye lolote. Baada ya vipindi viwili au vitatu vya dakika moja moja, utaona anapolisikia neno hilo hugeuza kichwa kukitafuta kipande.

Mpangilio wa sauti na mkono ndio ufunguo wa jambo lote, na ndipo wengi wanapojikwaa. Sauti itangulie, kisha mkono ndio uende kwenye mfuko wa vitafunio. Mkono ukianza kuondoka kabla ya neno, au pamoja nalo, mbwa ataufuata mkono kwa macho na neno litabaki kelele tupu. Jizoeze bila mbwa kwanza: weka mikono yote miwili tumboni, sema "Safi!", hesabu moja, kisha ndipo mkono uende. Neno litamkwe papo hapo tendo linapotokea. Ukichelewa kwa sekunde mbili tu, mbwa aliyekuwa amekaa atakuwa amekwisha kunyanyuka, na utakuwa umetuza kunyanyuka.

Kipindi chenyewe: kumfundisha kulala chini

Chukua amri ya "Lala" kama mfano, kwa kuwa ndani yake kuna karibu kila kitu kinachohitajika katika amri nyingine. Mbwa akiwa amekaa mbele yako, shika kipande cha chakula kati ya vidole na ukisogeze hadi karibu na pua yake, ukaribu wa kutosha akinuse lakini asiweze kukitwaa. Teremsha mkono taratibu, wima kabisa, kutoka puani hadi sakafuni katikati ya miguu yake ya mbele. Pua itaufuata mkono, na mabega yatashuka pamoja nayo. Mkono ukigusa sakafu, usubiri hapo kidogo, kisha uvute polepole kuelekea kwako, sentimita chache tu. Viwiko vikigusa sakafu, sema "Safi!" na umpe kipande akiwa bado amelala, katikati ya miguu yake. Kisha tupa kipande kingine pembeni ili anyanyuke akakifuate na kurudi tayari kuanza upya.

Kosa la kawaida hapa ni kuuvuta mkono mbele mapema mno. Makalio hunyanyuka, na mbwa husimama na kutembea badala ya kulala. Likitokea, usimsukume mgongoni. Rudisha mkono juu, anza tena, na safari hii ushuke wima zaidi na polepole zaidi. Kama bado hashuki kabisa, tuza nusu ya njia: sema "Safi!" kichwa kinapofika chini, halafu mabega yanapoinama, halafu kiwiko kimoja, kisha vyote viwili. Mbwa wengine, hasa wenye miili myembamba na manyoya machache, hawapendi kulala kwenye sakafu ngumu au ya baridi, na zulia au mkeka humaliza tatizo lote.

Baada ya kufaulu mara tatu au nne akifuata chakula, kiondoe chakula mkononi. Fanya mwendo ule ule kwa mkono mtupu, vidole vikiwa vimeshikana vile vile, na zawadi itoke kwenye mkono mwingine au mfukoni. Usiichelewe hatua hii. Mbwa anayeona nyama kila mara kabla ya kutenda hujifunza kutenda pale tu anapoiona, na hapo ndipo lile lalamiko la "hanitii nisipokuwa na chakula" linapozaliwa.

Neno "Lala" huingia mwisho, mwendo wa mkono ukiwa umekwisha kueleweka. Litamke mara moja, kwa sauti ya kawaida, nyamaza kwa sekunde moja, ndipo ufanye ishara ya mkono. Neno na ishara vikija pamoja, mbwa atashika ishara na kulipuuza neno, kwa sababu mbwa husoma miili yetu kwa wepesi kuliko maneno yetu. Neno likitangulia, baada ya marudio kadhaa ataanza kushuka kabla mkono haujaanza kusogea, na siku hiyo mpe vipande vitatu mfululizo. Usiseme "Lala, lala, lala." Ukirudia mara tatu, amri itakuwa ni kule kurudia kwa mara ya tatu, na zile mbili za kwanza zitakuwa hazina maana kwake.

Kipimo cha kusonga mbele

Fanya majaribio kwa mafungu ya matano, kisha pumzika kidogo na uandike matokeo. Akifaulu mara 4 au 5, ongeza ugumu katika fungu linalofuata. Akifaulu mara 3, baki pale pale. Akifaulu mara 2 au chini ya hapo, rahisisha. Nimewaona watu wenye upendo mwingi kwa mbwa wao wakishindwa kwa sababu tu walikuwa wakiongeza ugumu kwa kufuata hamu yao wenyewe. Hesabu hii rahisi huondoa hisia katika uamuzi, na humhakikishia mbwa kwamba atafaulu mara nyingi kuliko atakavyoshindwa.

Ugumu wenyewe una pande tatu: muda anaokaa katika tendo, umbali uliopo kati yenu, na vishawishi vilivyo karibu. Ongeza upande mmoja tu kwa wakati mmoja, na unapouongeza huo, zipunguze zile mbili nyingine. Mbwa anayeweza kulala kwa sekunde 20 ukiwa mbele yake hajawa tayari kulala kwa sekunde 20 ukiwa umbali wa mita tano. Anza tena na sekunde mbili kwa hatua moja. Mahali papya pia ni ugumu. Mbwa hawahamishi kirahisi walichojifunza kutoka mazingira fulani hadi mengine, hivyo anayelala vizuri sebuleni na kukutazama kwa mshangao uwani hakufanyii ukaidi. Kwake yeye, amri ya uwani ni amri mpya kwa kiasi fulani. Rudi kwenye mwendo wa mkono, mpe zawadi bora zaidi, naye ataikamata haraka kuliko mara ya kwanza.

Muda wa kipindi na namna ya kukifunga

Dakika 3 hadi 5 zinatosha kwa mtoto wa mbwa, na mbwa mzima aliyezoea anaweza kufika dakika 10, zikiwa na mapumziko katikati. Unaweza kufanya vipindi viwili au vitatu vifupi kwa siku, lakini usijilaumu ukikosa nafasi. Watafiti wa Denmark waliofundisha mbwa wa aina ya Beagle waliripoti mwaka 2008 kwamba wale waliofundishwa mara moja kwa wiki walihitaji vipindi vichache zaidi kulifahamu zoezi kuliko waliofundishwa mara tano kwa wiki, ingawa bila shaka kwa hesabu ya siku walichukua muda mrefu zaidi. Mapumziko kati ya vipindi hayampotezei mbwa kitu.

Kipindi kifungwe wakati mbwa bado anakutazama kwa macho maangavu na miguu yake ya mbele inahangaika kusubiri zoezi linalofuata. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote, kwani ni katika dakika hiyo hiyo, mambo yakiwa yanakwenda vizuri, ambapo mwalimu hushawishika kusema "mara moja tu tena." Mara moja huwa tatu, mbwa huchoka, hukosea, na kipindi huishia na mwalimu aliyekunja uso. Weka saa ilie, na inapolia, funga hata kama umebakiwa na vipande kumi. Ikiwa zoezi limekwenda vibaya, usilazimishe lifaulu kwanza. Mwombe afanye jambo rahisi analolijua, mtuze, halafu sema "Basi" na umwonyeshe mikono mitupu. Neno hilo la kufunga lina kazi kubwa, kwa sababu mbwa asiyejua kama kipindi kimekwisha huendelea kukusumbua au kukaa katika mvutano.

Baada ya hapo mwache acheze au apumzike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa kwa mbwa wa aina ya Labrador, ulionyesha kwamba waliocheza mara baada ya kujifunza zoezi walihitaji majaribio machache zaidi walipolirudia siku iliyofuata kuliko waliopumzika tu. Kwa hiyo mpira baada ya mafunzo si kumbembeleza mbwa. Ni sehemu ya mafunzo.

Kuja anapoitwa

Amri hii nimeitengea sehemu yake kwa kuwa ndiyo inayoweza kuokoa maisha ya mbwa, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu wenye nia njema. Huharibika kwa njia moja: mbwa huitwa ili afanyiwe jambo asilolipenda. Huitwa aogeshwe, akatwe kucha, afungwe kamba na kuondolewa kwenye michezo, au akemewe kwa kosa alilolifanya dakika kumi zilizopita na ambalo kwake limekwisha kupita kabisa. Kila mara ya namna hiyo neno "Njoo" hupungua thamani. Ukitaka kumwogesha, nenda ukamchukue mwenyewe.

Anza ndani ya nyumba, hatua mbili kutoka kwake. Sema jina lake, na akikutazama sema "Njoo!" kwa sauti changamfu huku ukirudi nyuma, kwa sababu mbwa huvutwa na kitu kinachoondoka kuliko kinachomjia. Sema "Safi!" mara anapoanza kuja, wala usisubiri afike, kisha mpe zawadi karibu kabisa na magoti yako na umguse mkanda wa shingoni kwa mkono mwingine huku anakula, ili baadaye kushikwa kusimshtue. Kisha mwachilie aende tena. Kumwachilia kuna uzito sawa na chakula: mbwa anayeitwa mara kumi na kuachiliwa mara tisa hana sababu ya kukwepa ile ya kumi.

Nje, tumia kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, si wa shingoni, kwa kuwa mbwa akifika mwisho wa kamba kwa kasi, shingo inaweza kuumia. Kamba si ya kumvutia. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hajizawadii kwa kukimbia. Usimwite pale unapojua hatakuja, kwa mfano anapomfukuza paka. Msogelee kwa kuifuata kamba, subiri ageuze kichwa, ndipo uite. Akija ukiwa umemsubiri kwa muda mrefu, na hata kama moyo wako unachemka, mpokee kwa furaha. Anachokiunganisha na adhabu ni kitendo cha mwisho alichofanya, nacho ni kuja kwako.

Kuusoma mwili wa mbwa

Mbwa husema mapema kwamba amechoka au ameelemewa, ila husema kwa njia ndogo. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hulamba midomo bila chakula kuwepo. Hugeuza uso pembeni, hujikuna ghafla, hunusa sakafu isiyo na kitu, hujikung'uta kama aliyetoka majini, au huonyesha weupe wa jicho pembeni. Mkia uliobanwa na masikio yaliyolazwa nyuma ni hatua zaidi. Kukataa chakula alichokuwa akikipenda dakika moja iliyopita ni dalili nzito, na jibu lake si chakula kitamu zaidi bali ni kuondoka mahali hapo au kurahisisha zoezi. Akinguruma, usimwadhibu kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kutotoa onyo anaweza kung'ata bila kulitoa.

Kubweka na kurukia watu ili apate kuangaliwa ni suala jingine. Hapo unaacha kumtuza kwa kumtazama au kumsemesha, na unatuza miguu minne inapokuwa chini. Tambua kwamba tabia ambayo ilizoea kulipwa, ikiacha kulipwa, kwa kawaida huzidi kwanza kabla ya kupungua. Wengi hukata tamaa na kumwangalia mbwa wakati huo wa kuzidi, na kwa kufanya hivyo humfundisha kwamba kubweka kidogo hakulipi lakini kubweka sana hulipa. Watu wote wa nyumbani wakubaliane mapema juu ya jambo hili, kama wanavyopaswa kukubaliana juu ya maneno ya amri. Ikiwa baba anasema "Shuka" na watoto wanasema "Lala" kwa tendo lile lile, bandikeni orodha ya maneno ukutani. Mtoto mdogo anaweza kufundisha pia, na hufurahi sana, lakini awe na mtu mzima kando yake muda wote.

Kupunguza chakula

Amri ikiwa imekomaa mahali pengi, usiache zawadi ghafla. Tuza mara nne kati ya tano, halafu tatu, halafu bila mpangilio anaoweza kuubashiri, huku ukichagua kuyalipa matendo bora zaidi: kulala kwa haraka, kuja kwa mbio. Badala ya chakula weka vitu ambavyo angevitaka hata hivyo. Akae kabla mlango haujafunguliwa, alale kabla bakuli halijawekwa chini, akutazame kabla ya kuachiliwa akanuse. Kwa njia hiyo mafunzo huingia katika shughuli za siku nzima bila kuhitaji muda wa ziada. Isipokuwa "Njoo": hiyo ilipe vizuri maisha yake yote.

Mafunzo yanaposhindwa kwa sababu ya maumivu

Mbwa aliyekuwa akikaa vizuri na sasa anasita, anakaa upande mmoja, au ananyanyuka mara tu makalio yanapogusa chini, mara nyingi anaumwa nyonga, magoti au mgongo. Anayeacha kuitikia wito huenda amepungukiwa uwezo wa kusikia, jambo la kawaida kwa mbwa wazee. Badiliko lolote la ghafla la tabia, pamoja na ukali mpya kwa watu au mbwa wengine, lipelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kuongeza hata kipindi kimoja. Mrekodi mbwa kwa simu nyumbani akiwa anakaa, ananyanyuka na kupanda ngazi, kwa kuwa mbele ya daktari mbwa wengi huficha kilema chao, na chukua pia daftari lako la mafunzo, ambalo litamwonyesha daktari ni wiki gani matokeo yalianza kushuka na katika zoezi lipi.